Kuhusu Ile Sindano ya Shiundu

Jentrix mdogo wangu,

Mulembe. Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe mgongo wako, kwa kumbeba Shiundu kila uendako? Mtoto wa miaka mitano si mzigo mdogo. Mimi niko, ila nina uchovu ambao hata nikilala hautoki. Huku Australia ni baridi, wakati nyinyi huko Butere mnavuna mahindi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ukianza kulia, nami nashindwa kusema. Barua hii analeta mwuguzi mwenzangu wa Mumias, anakuja likizo. Isome ukiwa umeketi, halafu umsomee baba Shiundu.

Uliniuliza kama zile seli shina mlizosikia kwenye redio, za kutibu ubongo wa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, ndizo zinazofanyiwa utafiti hapa ninapofanya kazi. Ndizo. Ukaniuliza kama Shiundu anaweza kuletwa. Hilo nilikaa nalo muda, nikiogopa kuliuliza.

Wodi yetu ni ya watoto njiti. Ubongo wao bado laini sana. Hewa ikipungua au damu ikivuja ndani, unaumia, kama ulivyoumia wa Shiundu. Sasa watafiti wanachukua damu ya kitovu cha mtoto mwenyewe, wanatenga seli changa zilizomo, halafu wanamrudishia kupitia mshipa. Wanatumaini zitatuliza uvimbe ili jeraha lisienee.

Majuzi nilikuwa zamu mtoto mmoja wa kike akipewa seli hizo. Mama yake, msichana mwalimu, alisimama kando amejikumbatia. Bomba lenyewe la sindano ni dogo, maji yake mekundu kidogo. Kufumba na kufumbua imeisha. Mtoto akapiga mwayo.

"Ni hayo tu?" mama akauliza.

"Ni hayo tu," daktari akamjibu.

"Na nitajua lini kama yamemsaidia?"

"Labda akifika umri wa kutembea."

Yule mama akaketi pole pole. Nilimletea chai, hakuigusa.

Baadaye nikamfuata daktari kwenye chumba cha chai. Ni mama Mhindi, mpole, huwanga anaulizia watu wa nyumbani. Nikamwambia, "Daktari, nami nina mtoto kwetu."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitano. Alizaliwa wa miezi saba. Ana mtindio wa ubongo."

Akaweka kikombe chini. "Mildred, sisi tunakimbizana na jeraha likiwa bado bichi. La mtoto wako limeshakuwa kovu. Hata angekuwa wangu wa kumzaa, nisingeweza kumweka kwenye utafiti huu."

"Na hawa wa hapa, wanapona?"

"Bado hatujui. Tungejua, tusingekuwa tunatafiti."

Nilienda msalani nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwa sababu kuna mtoto alikuwa anangoja maziwa.

Nilimweleza pia habari ya yule mtu wa Kisumu, anayewaambia atamdunga Shiundu seli hizo na atatembea kabla ya Krismasi. Daktari akaniuliza: seli zinatoka kwa nani? Zimepimwa wapi? Mtoto akishikwa na homa baada ya hapo, nani atamwangalia? Akasema sindano ya namna hiyo inaweza kumtia ugonjwa mwingine, hata kuzidisha kifafa chake.

Kwa hivyo nakuomba, Jentrix, msiende. Na shamba la Musanda msiuze ili kumlipa mtu huyo. Najua shemeji ameshapata mnunuzi, na mwanaume kurudi nyuma kwa neno lake ni aibu. Aseme ni mimi nimekataa. Lawama zote anibebeshe mimi, niko mbali, hazitanifikia. Na wewe ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ulisema kwa hospitali kubwa kama hii sitakosa mlango wa kumpitisha. Nimeutafuta, mdogo wangu. Haupo.

Lakini daktari hakuniacha hivyo. Alinipeleka kwa mama mmoja anayewafanyisha watoto mazoezi ya viungo, nami nikamwonyesha ile video uliyotuma Jumapili, unamlisha Shiundu obusuma na supu naye analia. Akaitazama. Akairudisha mwanzo, akaitazama tena.

"Huyu halii ovyo," akasema. "Mwangalie macho. Anaangalia kikombe, anamwangalia mama yake, halafu kikombe tena. Ana kiu. Anawaambia."

Jentrix, mimi nimeiangalia hiyo video mpaka nimeikariri, na sikuona. Sote tulidhani haelewi.

Anasema msiache mazoezi ya pale Kakamega, hata kama safari inachosha. Fundi seremala amchongee kiti chenye mgongo mrefu na kimeza mbele, mwili ukishikiliwa vizuri asitumie nguvu zote kwa kujizuia kuanguka. Halafu ufanye hivi: shika uji mkono mmoja na maji mkono mwingine, umuulize anataka gani. Kisha ungoje. Usimharakishe, usimjibie. Si dawa hiyo, na sitakudanganya kwamba atatembea. Lakini atakujibu.

Msalimie Mama, dawa yake ya kuchua anabeba huyo mwuguzi. Msalimie baba Shiundu, umwambie namheshimu zaidi akiwa na shamba lake. Msalimie shangazi, senje wetu wa Likuyani anayetuombea bila kuchoka, aendelee, tunamhitaji.

Na Shiundu, mpanguse mdomo, umtazame usoni, umwambie mama yake mkubwa amemwona akiomba maji.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Mildred