Swali la Mimba Kwenye Chumba cha Meno

Mjukuu wangu Anjela,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Msamala tu wazima, na shangazi yako ameanza kupukuchua mahindi. Unaniuliza kama ni lazima kumuuliza kila mwanamke habari ya mimba kabla ya eksirei ya meno, maana mgonjwa mmoja huko kazini kwako amekununia.

Nilipokuwa binti, nikimsaidia daktari wa meno hapa Songea, mama mmoja alimleta mtoto aliyevimba shavu. Mtoto alikataa kukaa peke yake, akataka mama amshike wakati wa kupigwa picha. Daktari akauliza, mama mkwe wake aliyewasindikiza akiwa palepale, "Mama, huna mimba?"

"Sina, daktari."

Kidole cha daktari kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe mtoto aliposema, "Mama, na mdogo wangu wa tumboni atapigwa picha?"

Daktari akaondoa kidole. Unajua kwetu mimba changa haitangazwi, sembuse mbele ya mkwe. Yule mama aliinama.

Mama mkwe ndiye aliyesimama. "Nivalisheni mimi hiyo aproni ya risasi ya kuzuia miale. Mimi nilishafunga duka zamani."

Akamshika mjukuu wake. Mimi nikamtoa yule mama nje.

Uliza, Anjela, lakini mwite kwanza pembeni, mlango ukiwa umefungwa. Wa kununa atanuna, ila atakuwa amekujibu kweli.

Bibi yako anayekuombea.