Sakafu na Mizeituni

Sfax, Jumatano jioni

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na Hayet, na wote mlio juu ya ngazi wakati huu. Natumai goti lako halikusumbui kwenye baridi ya asubuhi, na kwamba upepo wa juzi haukuangusha zeituni nyingi. Mwambie Hayet asivae vidoleni pembe zangu za mbuzi za kuchumia zeituni. Vidole vyake ni vyembamba, zitamchomoka zipotelee majanini. Mwili wangu ni mzima. Naomba Hayet akusomee barua hii mkiwa nyumbani, si mbele ya Ammar na mafundi wengine. Sababu utaiona mwenyewe.

Tangu wewe na wenzako mlipoweka chini miiko ya kuwekea vigae mkaenda kuvuna, hapa kiwandani hapakaliki. Mhandisi Ferchichi anataka tuanze kukamua mafuta kabla mavuno hayajaisha. Anasema kiwanda cha mafuta kikifunguliwa baada ya mavuno ni sawa na kinyozi aliyefungua duka harusi imekwisha. Kila asubuhi alikuwa akipiga simu bandarini kuwafokea watu kwa sababu mashine za kukamulia zimekawia melini. Makarani wenzangu walikuwa wakicheka kwamba iko siku meli yenyewe itazama kwa aibu.

Wiki iliyopita akaacha kuifokea meli. Alitukusanya mbele ya ratiba iliyobandikwa ukutani, akatuambia kwamba hata mashine zikishushwa leo hazina pa kusimama, kwa kuwa ukumbi hauna sakafu. Kazi nyingi zina nafasi, Baba. Uzio ukichelewa, rangi ya ofisi ikichelewa, hakuna atakayejua. Lakini kila ratiba ina mnyororo mmoja mrefu kuliko yote, usio na nafasi hata ya kuvuta pumzi. Kiungo chake kimoja kikichelewa siku moja, kiwanda kizima kinachelewa siku hiyo hiyo. Mnyororo wetu haupiti melini. Unaanzia kwenye vigae: sakafu iwekwe, ikauke, ndipo zisimikwe mashine, kisha mabomba, kisha umeme. Na vigae vinawasubiri ninyi. Aliyechora ratiba kule Tunis aliandika kazi yenu mfululizo, vuli yote, kama mtu ambaye hajapata kuona mzeituni.

Mhandisi akauliza, hao walioparamia miti kama ndege shorewanda ni kundi la nani? Wakamjibu, la Fundi Khemais. Akaniagiza nimwandikie fundi huyo kwamba Jumamosi ya wiki hii asubuhi wote wawe hapa, ama sivyo ataleta mafundi kutoka Gabès, na kazi zote mlizoahidiwa hadi kiangazi zitakuwa zao. Nikaitikia ndiyo bwana. Hajui mimi ni nani kwako. Siku ile nilipoanza kazi uliniambia hapa nikuite Fundi kama wengine, wasije wakasema nimepata meza kwa mgongo wako, nami nimefanya hivyo mpaka leo.

Najua utakavyojibu. Utasema mzeituni haujui Jumamosi. Najua pia kwamba mnavuna kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na anayeshuka kabla ya nyumba ya mwisho husemwa mpaka na wajukuu. Nikikuita, nakuvunjia heshima mbele ya jirani zako. Nikinyamaza, watu wako watakaa bila kazi hadi kiangazi. Usiku sipati usingizi. Kila ninapogeukia nakuta ukuta.

Sasa nikuambie lililonifanya niombe usomewe faraghani. Sakafu hiyo Mhandisi hakuigundua yeye. Ni mimi. Alinipa ratiba akaniambia wewe msomi, nitafutie panapotuchelewesha, nami nikafuata kila kazi na ile inayoisubiri, kama nilivyofundishwa. Nilipoupata mnyororo nilifurahi, Baba. Niliukoleza kwa kalamu nyekundu, nikakimbia nao ofisini kwake kabla sijakaa nikafikiri ni mikono ya nani iliyo ndani ya wekundu ule. Kama ningenyamaza, mpaka leo angekuwa anaifokea meli.

Leo asubuhi nilirudi kwake. Nilimwonyesha kwamba mashine zitasimama upande wa mlangoni tu. Tukianza na nusu hiyo ya ukumbi, nusu ya mafundi inatosha, na upande wa pili utafanywa wakati mashine zinasimikwa. Aliifuata ratiba kwa kidole, akasema sawa, lakini nani atamhakikishia kwamba hata hiyo nusu itashuka? Watu wa zeituni wakishapanda mti, alisema, hata Izraili huwangoja chini. Nikasema mimi ndiye dhamana. Akacheka, akauliza karani kama mimi nawajuaje. Nikamwambia mimi ni mwana wa Fundi Khemais.

Kicheko kikamkatika. Akasema kumbe nimemchora baba yangu kwa wino mwekundu nikamtundika ukutani. Kisha akasema nusu watakuja Jumamosi, na wasipoonekana, nikusanye vitu vyangu nikachume nao.

Sikuamuru, Baba, wala sina uso wa kukuamuru. Wewe ndiye unayejua nyumba zipi zimebaki na nani anaweza kushuka bila kusemwa. Jumamosi nitakuwa langoni tangu alfajiri. Nikiwaona, nitakuita Baba mbele ya watu wote.

Mbusie Mama mkono kwa niaba yangu, na umsalimie Hayet na majirani wote. Na lile la pembe zangu, mwambie Hayet azipake mafuta kidogo na kuziweka mahali pakavu. Huenda nikazihitaji Jumapili.

Mwanao mtiifu,
Naceur