Leo Nimeielewa While

Sotik, Jumatano. Mvua imeanza saa nane na bado haijachoka. Mimi nimechoka, lakini nina furaha.

Niseme ukweli. Asubuhi nilitoka nyumbani nikiwa nimeamua kuacha kozi. Nina miaka arobaini na moja. Kumi na sita kati ya hiyo nilichuma chai kwenye mashamba ya Boito, mpaka mashine za kuchuma zikaletwa na wengi wetu tukarudishwa nyumbani. Wanafunzi wenzangu wamemaliza shule juzi tu. Wiki mbili tumefundishwa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na wiki mbili nimeitikia kwa kichwa kana kwamba naelewa.

Leo tuliambiwa tuonyeshe namba, moja hadi kumi, kwa kutumia while, yaani kuiambia kompyuta irudie kazi ileile maadamu sharti fulani ni kweli. Niliandika int i = 1; halafu while (i <= 10), na ndani ya mabano yake printf ya kuonyesha i. Nikaiendesha.

1 1 1 1 1 1 1.

Zikateremka bila kusimama, kioo kizima moja tupu. Darasa likacheka. Nikashika mkoba wangu.

Mwalimu Wanjiru, ambaye ningeweza kumzaa, alibonyeza Ctrl na C, programu ikasimama. Akavuta kiti karibu.

"Mama Chebet, si ulikuwa unachuma chai? Ulikuwa unachuma mpaka lini?"

"Mpaka kapu lijae, Mwalimu."

"Na nani alikuwa analijaza?"

"Si ni mimi? Kila nikichuma natupa nda..."

Nikaangalia programu yangu. i ilianza na moja, na hakuna mahali nilipoiongeza. Kompyuta ilikuwa inauliza: i bado haijapita kumi? Ndiyo. Basi rudia. Haikuwa imekosea. Ilikuwa inanitii.

Nikaandika i++, yaani i iongezwe moja, kabla ya kufunga mabano. Moja, mbili, tatu, hadi kumi. Ikasimama yenyewe.

Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyaandika.

Nikazidi kuchokoza. Nikaanzisha i na kumi na moja. Haikuonyesha kitu. Nilidhani nimeharibu, kumbe while huuliza kwanza ndipo ifanye. Kapu likiwa limejaa tayari, huchumi hata jani moja. Hilo sikuambiwa na mtu. Nililiona mwenyewe.

Kuacha kozi? Sijalifikiria tena tangu saa nne.

Jioni nikiinjika chai, Mercy alinipigia simu. Tulichuma mstari mmoja miaka mingi, na siku ya kurudishwa nyumbani tulitembea pamoja. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Aki hiyo kompyuta ni ngumu?"

Ningeweza kumdanganya.

"Ni ngumu," nikamwambia. "Njoo."

Akauliza darasa linaanza saa ngapi.