Kasuku Hajambo

Nyamache

Mume wangu Duncan,

Kasuku wako hajambo, ila bado anauma. Nimeshamjua. Aking'ata sivuti mkono wala sipigi kelele, maana kelele ndizo anazozitaka. Namgeuzia mgongo tu. Uliniagiza asipate baridi, basi namfunika kwa blanketi lako hapo sebuleni.

Jumatatu mvua ya mawe iling'oa paa la nyumba ya baba yako. Alikuja mlangoni amelowa, akaomba kuingia. Nikamjibu kwa heshima, "Baba, mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni mwiko."

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, akiwa amesimama kwenye mlango huohuo, siku mimba yangu ilipotoka nikiwa sakafuni namlilia aniinue.

Akaanza kelele. Nikamgeuzia mgongo.

Alikataa kwenda kwa majirani, akaona aibu. Alikaa upenuni siku tatu akikohoa. Alhamisi asubuhi alinyamaza.

Njoo umzike. Ukiingia ndani usishtuke: kikohozi utakachosikia ni cha kasuku. Amejifunza kukiiga vizuri sana.

Mimi mkeo,
Joyline