Mama Mkwe, Tumbawe Lako Limefunguka

Mama,

Katiko amefunguka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniuliza habari zake kabla hata ya kuuliza habari za mwanao. Sanyu naye hajambo. Bado analia akisikia mtu anacheka kama wewe, lakini anakula, na usingizi umeanza kurudi.

Mambo yamebadilika tangu tukuzike. Musoke amehamia nyumbani kwako Kyebando na mkewe na watoto, na sebule imejaa magodoro. Alinieleza kwa adabu zote za mwanao wa kwanza, lakini maana yake ilikuwa moja: tangi lako la samaki na matumbawe liondoke. Sikumlaumu. Lilikuwa limeanza kuvuja pembeni, na mtu wa kawaida anaona nini pale? Kioo, maji ya chumvi na vitu vinavyochezacheza bila kwenda popote.

Kwetu Kabalagala, unajua mwenyewe, ni chumba kimoja nyuma ya kibanda changu cha simu. Nilipata tangi dogo. Samaki waliingia, yale matumbawe yako ya bluu yenye umbo la uyoga yakaingia, lakini Katiko, uyo uliyempa jina la uyoga kwa lugha yenu, hakuingia. Amekuwa mpana kama sinia, na amejishika kwenye lile jiwe kubwa utadhani walizaliwa pamoja. Ilibidi akatwe. Na katika maisha yake yote Katiko hajawahi kukatwa na mtu mwingine ila wewe.

Bado nastaajabu, Mama. Ulisuka na kukata nywele za nusu ya Kabalagala. Mgahawa wa jirani na saluni yako ukafungwa, mwenyewe akaondoka na kukuachia tangi la maji ya bahari, nawe hujawahi kuiona bahari. Mimi pia sijaiona. Bukavu tuna ziwa tu. Bahari yetu ilikuja kwenye mifuko ya chumvi kutoka Mombasa, tukaikoroga kwenye ndoo. Watu walikwambia utaua kila kitu kabla ya Krismasi. Ukaacha waseme, ukakaa mbele ya kioo ukitazama, mpaka ukajua nani anataka mwanga, nani anataka mkondo, na nani asiwekwe karibu na mwenzake kwa sababu watapigana kwa sumu usiku na mchana. Matumbawe haya laini, ulisema, ni kama wateja: hayasemi yanapoumia, yanajikunja tu.

Halafu kukawa na mwiko wa kwenu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawapeani mkono, na anayevunja mwiko mikono yake itatetemeka mpaka kaburini. Nilidhani ni utani, mpaka siku nilipokunyooshea mkono na shangazi zake Sanyu wakapiga kelele kama wameona nyoka. Kisha likaja swali ambalo wazee hawakuliacha na jibu: je, maji ya tangi moja? Ukaamua kwamba mikono yetu isiwe majini kwa wakati mmoja. Asubuhi yako, jioni yangu, na Sanyu apeleke maneno.

Siku moja Sanyu akaleta neno, "Mama anasema uongeze maji." Nikaongeza. Kila jioni nilikuta maji yamepungua, nami nikajazia maji ya chumvi niliyoyakoroga kwa bidii kama mpishi wa harusi. Matumbawe yakajikunja yote. Ukapima chumvi. Kisha ukavuta kigoda, ukakaa upande wa pili wa tangi, ukanipa mgongo, na kwa mara ya kwanza nikasikia Kiswahili chako kikielekezwa kwangu, kupitia kwa tumbawe.

"Wewe Katiko, ambia huyo mutu: maji inaenda juu, chumvi inabaki. Yeye anaongeza chumvi juu ya chumvi. Anataka kupika supu?"

Nami nikamjibu Katiko kwa Kiswahili cha kwetu, "Umwambie Mama, miye sikujua."

Toka siku hiyo tuliongea na uyoga huo miaka yote. Ulinifundisha kila kitu kwa mgongo. Kwamba maji yanayopungua hujaziwa kwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Kwamba nisisafishe kupita kiasi, maana maji masafi mno ni njaa kwao. Hukuvunja mwiko hata mara moja, wala hukuniacha mjinga. Sijakutana na mtu mwingine mwenye akili ya namna hiyo.

Basi, siku ya kumkata Katiko ilipofika, nikachukua wembe. Mikono ikaanza kunitetemeka. Sanyu akanitazama. Nikamwambia, "Naapa, sikuwahi kumgusa mama yako." Tukacheka hadi tukalia, na wembe ukasubiri.

Nilikata vipande kadhaa. Utelezi ukatoka, na harufu ile unaijua. Vikasinyaa, vikawa na rangi ya majivu, vikafunikwa na ngozi kama nta. Musoke alipita kutusalimu, akainama kwenye kioo.

"Shemeji, hii kitu imekufa. Tupa."

Niliogopa, Mama. Hakuna kitu kingine chenye uhai ulichokipenda kama hiki kilichobaki mikononi mwa Sanyu, na mimi ndiye niliyekikata. Lakini nilikuwa nimekusikia ukisema, siku Katiko alipojifunga nasi tukaanza kuomboleza: "Haijakufa. Inabadirisha nguo." Kwa hiyo sikutupa. Nikageuza pampu ili mkondo uvipitie, nikabadilisha maji kidogo kidogo, nikaondoa mikono yangu. Kuondoa mikono ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Jumanne Sanyu aliniita mpaka nikaacha simu ya mteja imefunguliwa mezani. Ngozi ilikuwa inabanduka na kupeperuka, na chini yake vidole vidogo, vingi, vyeupe, vinatoka. Kipande kimoja, kisha cha pili. Sanyu akakaa chini sakafuni.

Musoke alikuja jana. Alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kuna kipande cha ziada.

Siku ya kukuaga nilisimama mbali kama inavyompasa mkwe. Sikukugusa hata wakati huo, na iliniuma, nakwambia wazi. Lala salama, Mama. Jumapili nampelekea Musoke tumbawe lake Kyebando, pamoja na tangi dogo la kuliweka. Yeye ni mwanamume mwenzangu, hatuna mwiko. Nakuahidi nitazamisha mikono yangu pamoja na yake kwenye maji yale yale, na nitamshika vidole mpaka ajue kukata.

Mkweo,
Bahati