Ulitaka Kujua Kama Ile Taa Inauma

Salamabila, Jumapili nyuma ya misa

Zawadi, mudogo wangu,

Jambo sana. Nyumba inaamkaje huko Kasongo? Muguu wa Mama umepona, ama angali anautembeza sokoni na kile kichwa chake kigumu? Mimi niko, na duka la vitenge liko. Usishangae kuona barua badala ya simu. Nikifungua kinywa, upepo unaingia na meno yanapiga kelele. Kwa hiyo soma tu.

Uliniambia: "Yaya, kabla ya ndoa nataka meno meupe. Nenda wewe kwanza, uone kama ile taa ya kung'arisha meno inauma." Kwetu dada mukubwa ndiye anayeonja kwanza, sawa. Lakini kuonja mboga si kuonja moto!

Nilienda Ijumaa kwa yule dokta wa meno mugeni. Akanilaza kwenye kiti, akanivalisha miwani nyeusi, akavuta midomo yangu na kidude cha plastiki mpaka nikafanana na mbuzi wa kuchinjwa. Akapaka dawa juu ya meno, akawasha taa ya buluu. Dakika kumi na tano, mara tatu. Mara ya kwanza hakuna kitu, baridi tu. Nikasema moyoni, ah, Zawadi ataweza. Mara ya pili jino moja likachomwa kama na sindano, likanyamaza, likaamka lingine. Mara ya tatu nilimushika dokta mukono, naye ananiambia, "Vumilia mama, keshokutwa itakuwa imepita." Vumilia! Kinywa si chake.

Akanikataza siku mbili: hakuna chai, hakuna kitu cha moto, hakuna chakula chenye rangi. Cheupe tu. Nikacheka, wali na bugali si viko? Nikasahau kwamba kwetu hata maharagwe yanaogelea mu mafuta ya mawese! Jioni jirani akaleta sombe ya majani ya muhogo, bado inatoa moshi, mafuta mekundu juu. Utamurudishia mutu sahani yake? Nikala. Weee, Zawadi! Niliruka mu nyumba mpaka jirani akauliza kama ni siafu. Asubuhi naangalia kioo, meno yamerudi manjano kupita ya zamani. Nimeteseka bure!

Basi, jibu lako: inauma, kisha inapita. Meno mazima yanavumilia. Lakini yako si mazima. Nilimuelezea dokta lile jino lako la mbele, ulilopasua siku ile ukivunja kokwa za ngazi za muchikichi na meno, Mama akikugombeza. Alikataa pale pale. Dawa itaingia mu ule ufa mpaka ndani kabisa, na hayo hayatakuwa maumivu ya siku mbili. Tena jino lile limekuwa jeusi kwa ndani, taa hailiwezi. Mengine yatang'aa, lenyewe litabaki katikati, watu waliangalie vizuri zaidi. Hapana, mudogo wangu. Usije.

Najua unalia sasa. Najua pia nani amekufundisha kucheka na mukono juu ya kinywa: ni Amisi, muchumba wako. Eti mu picha za ndoa lazima meno ya bibi arusi yang'ae. Amisi! Yeye ambaye tumbaku imemuharibu meno mpaka yanafanana na mihogo ya kuoza! Toka utoto ulicheka kinywa wazi, jino lako tulilijua wote, na hakuna mutu aliyekimbia. Inaniudhi, Zawadi. Inaniudhi kuliko ile taa.

Salimia Mama, umukande huo muguu. Salimia mujomba, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi muuza muchele, umwambie kitenge chake nimekiweka.

Randevu yako, ile nafasi niliyokushikia kwa dokta Jumanne ijayo, sikuifuta. Nilimwambia dokta aandike jina la Amisi. Si anakuja huku kununua dhahabu? Atapita kwangu, nitamupeleka mimi mwenyewe.

Akikuuliza kama inauma, mwambie haiumi.

Ni mimi yaya wako, kinywa kimefungwa,
Faida