Gari la Marehemu Limepanda Mlima

Endarasha, Jumapili 12 Aprili

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Goti lako linavumiliaje baridi ya asubuhi? Sisi tuko salama. Wafula alikohoa juma moja, sasa anakula vizuri.

Nina habari ya gari. Unakumbuka kwenye matanga ya mume wangu shemeji alisema gari dogo kama lile halifai huku Kieni, na likikwama mvua hii atalichukua aliuze. Lakini kwenye mkeka wa dereva bado kuna alama ya kisigino cha marehemu.

Mvua zilipokaribia nililipeleka kwa Mzee Kariuki, fundi wa hapa sokoni. Aliinua springi kidogo, akafunga bamba la chuma chini ya injini kwa ajili ya mawe, akanitafutia tairi zenye meno. Nami nikatia jembe, kamba na mbao mbili. Jirani yangu Mama Njeri akauliza, "Mama Wafula, hiyo ni gari ama ni stoo?"

Jumanne zahanati ilinituma na chanjo za watoto juu karibu na msitu. Mama Njeri akanisindikiza. Wenye pikapu hapa hupakia magunia ya viazi nyuma ili magurudumu yashike matope, nasi tukaweka mawili nyuma kwenye buti. Lilikuwa kosa, Mama. Gari letu huvutwa na magurudumu ya mbele. Katikati ya mlima pua ikawa nyepesi, tairi zikazunguka bure, tukateleza hadi chini. Mtu mmoja akasema ataita trekta. Nikajua shemeji atasikia kabla ya jioni.

Tulishusha viazi, nikapunguza upepo wa tairi. Bado. Ndipo nikakumbuka siku za mvua marehemu alivyopanda kimlima cha kwako kinyumenyume, nawe ukasema huyo ndiye mkwe mwenye adabu, hata gari lake halikutazami usoni. Nikaligeuza ili uzito uelemee magurudumu yanayovuta, nikatia rivasi, nikapanda polepole bila kukanyaga mafuta sana. Lilifika juu, Mama. Akina mama walipiga vigelegele, na watoto wote wakachanjwa kabla ya saa saba.

Jioni nilimpigia shemeji mimi mwenyewe. Nilipomweleza, akasema, "Basi kaa nalo. Ndugu yangu alikufundisha vizuri."

Sikumwambia kwamba marehemu hakuwahi kunifundisha. Nilikuwa nikikaa kando yake na kumtazama tu.

Nisalimie kaka mkubwa, na shangazi anayekuletea maziwa. Mvua ikinyesha huko, ukikitazama kile kimlima, unikumbuke.

Binti yako,
Nekesa